Tanga Zuri, Mashine Mbovu: Mashua ya Kukodi kutoka Kiwayu hadi Amu

Kampuni tuliyoikodi kwa safari ya Kiwayu mwezi wa Agosti ina mashua nzuri, ina nahodha ambaye ningemkabidhi wazazi wangu bila wasiwasi, na ina mashine ambayo haikustahili kufungwa hata kwenye dau la kuvushia watu kati ya Amu, yaani mji wa Lamu, na Shela. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezisikia pia kwa wateja wa mashua nyingine za gati lile lile, na nia yangu ni kumsaidia anayetaka kukodi ajue alipie nini na aulize nini kabla ya kutoa fedha zake.

Tulikuwa jamaa wa nyumba mbili wenye asili ya Amu na makazi Mombasa, pamoja na wazee watatu na watoto kadhaa. Tulichouziwa ni mashua yenye mabaharia, chakula, maji ya kunywa, ada ya hifadhi, mahali pa kulala Kiwayu, na kurejeshwa gatini Amu alasiri ya siku iliyopangwa, ili wanaorudi kazini wawahi basi la alfajiri kutoka Mokowe, gati la upande wa bara. Karatasi ya makubaliano ilisema wazi kuwa mashine ipo na mafuta yamo katika bei. Kipengele hicho kinaonekana kidogo, lakini kwa msimu ule ndicho kilichobeba bei nzima. Kiwayu iko kaskazini mashariki ya Amu, mwendo wa kilomita hamsini hivi, na Agosti ni wakati wa Kusi, upepo wa msimu utokao kusini. Kila mtu wa visiwa vile anajua kwamba Kusi humpeleka mtu Kiwayu kwa raha na humrudisha kwa jasho. Chombo cha tanga pekee hakiwezi kuahidi saa ya kufika Amu katika msimu huo, na nahodha mkweli hataahidi. Kampuni iliahidi saa, na kwa hiyo iliahidi mashine, hata kama picha zake zote za matangazo ni za tanga lililojaa upepo.

Nianze na yale yanayostahili sifa, kwa kuwa ni mengi. Mashua yenyewe imetunzwa. Mbao zake zilikuwa zimepigwa kalafati upya, yaani nyufa zake zimezibwa kwa pamba, tumbo lake limepakwa deheni, mafuta ya kukinga mbao, kamba za jarari, za kupandishia tanga, na demani, za kulivutia, zilikuwa mpya, na tanga la kitambaa kizito cha pamba halikuwa na kiraka hata kimoja. Turubai la kivuli lilifungwa vizuri kiasi kwamba wazee hawakupigwa na jua mchana kutwa. Magodoro ya kukalia yalikuwa safi. Choo hakuna, kama ilivyo katika mashua nyingi za Amu, na mwenye kusafiri na wazee anapaswa kulifahamu jambo hilo mapema. Nahodha alikubali kushusha watu ufuoni kila alipoombwa, bila kununa wala kutazama saa.

Chakula kilikuwa kizuri. Mpishi alipika juu ya jiko la makaa lililowekwa ndani ya sanduku la mchanga, na kutoka humo alitoa wali wa nazi, changu wa kuchoma kwa ndimu na pilipili, na chai ya tangawizi iliyokuwa tayari kabla ya mtu kuiulizia. Kambi ya Kiwayu ilikuwa ya mahema ya kawaida. Mahali penyewe ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, na usafi wa maji yake hauhitaji maelezo yangu. Wageni ni wachache tangu tukio la utekaji la mwaka 2011 lilipoiharibia sehemu ile sifa ya usalama, jambo ambalo wenyeji wanalilipia mpaka leo, na ambalo kwa msafiri lina maana moja ya kuzingatia: chombo chako kikikwama kule, usitarajie vyombo vingi vya kupita na kukuvuta.

Safari ya kwenda haina la kuelezwa. Upepo ulikuwa nyuma yetu, mashine iliinuliwa nje ya maji baada ya kuvuka mfereji wa Mkanda, na hatukuisikia tena hadi siku ya kurudi. Hapo ndipo kampuni ilipopata nafasi ya kuonekana bora kuliko ilivyo.

Siku ya kurudi tuling'oa nanga saa kumi na mbili asubuhi. Hesabu ya nahodha ilikuwa sahihi. Njia ya ndani kati ya Pate na Amu hupita Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambao nahodha alitaka kuupita maji yakiwa yamejaa. Siku ile maji yalikuwa yajae mnamo saa tisa alasiri. Kwa mashine na tanga pamoja tungefika mdomo wa Mkanda mapema, tungoje kidogo, tuvuke, na jua lisingezama kabla hatujashuka gatini.

Kabla ya kufika kisiwa cha Ndau mashine ilianza kukohoa. Ilizimika, ikawashwa, ikaenda kidogo, ikazimika tena. Ilikuwa mashine ya nje ya nguvu za farasi kumi na tano, ya aina ile ya zamani inayochanganyiwa oili ndani ya petroli, na aina hiyo kwa kweli ni ngumu na husamehe mengi. Haisamehi maji. Baharia mmoja alipomimina petroli kutoka kwenye dumu hadi kwenye chupa ya wazi, tuliona sote mstari ukijitenga: petroli juu, maji chini. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya dumu, na mashine hunywa vizuri wakati wa kwenda, dumu likiwa limejaa, kisha husumbua wakati wa kurudi, linapokaribia kwisha. Dumu lililoachwa juani bila kifuniko kukaza, katika chombo kinachorushiwa maji ya chumvi mchana kutwa, haliwezi kuwa na matokeo mengine. Kabureta ilifunguliwa na kusafishwa, petroli ikachujwa kwa kitambaa, na tukaendelea. Kazi ilifanywa kwa ustadi, lakini chujio la kutenganisha maji, kifaa kidogo kinachofungwa kwenye mpira wa mafuta, halikuwepo kabisa.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tulipokuwa tunakaribia Faza, mji wa kisiwa cha Pate, maji yakiwa yamekupwa na rafadha, ile panga ya mashine, ikichota mchanga, ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni mwa mashine kuonyesha kwamba inapozwa ukawa mwembamba, kisha ukakatika. Nahodha aliliona jambo hilo kabla ya mtu mwingine yeyote na akazima mara moja. Asingezima, pistoni zingekwama na mashine ingekuwa chuma cha kuuza kwa kilo. Walipoifungua sehemu ya chini, impela ya pampu, yaani ule mpira wenye mapezi unaovuta maji ya bahari na kuyasukuma juu, ilikuwa imebakiwa na mapezi mawili tu, nayo yamekauka na kupinda. Mpira wa namna hiyo haufi kwa siku moja. Huliwa na mchanga, hukauka mashine inapokaa muda mrefu bila kutumika, na ndiyo maana mafundi hushauri ubadilishwe kwa kipindi maalumu hata kama bado unafanya kazi. Ni kipuri cha bei ndogo kinachoingia mfukoni mwa shati. Hakikuwemo chomboni. Hakukuwa na plagi za akiba, hakukuwa na pini ya rafadha, na kisanduku cha vifaa kilikuwa na koleo, spana mbili na waya.

Hapa lazima niwe mkali, kwa sababu kampuni baadaye ilijitetea kwa maneno ya kwamba bahari ina mambo yake. Upepo ni jambo la bahari. Mpira wa pampu ni jambo la duka la vipuri. Mashua ambayo kila kamba yake ni mpya na kila mbao yake imekalafatiwa, halafu mashine yake haijafunguliwa kwa muda mrefu kiasi kile, inaonyesha jinsi mwenye chombo anavyogawa mapenzi yake: tanga ni mwana wa nyumbani, na mashine ni mtoto wa kambo anayelishwa makombo na kutumwa kazi nzito. Katika Kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, hali hiyo inaweza kufichika wakati wa kurudi. Katika Kusi haifichiki.

Tulikaa Faza saa kadhaa, kwa sababu mbili. Maji yalikuwa machache mno kupita mafungu ya mchanga yaliyo mbele, na nahodha alitaka kutafuta impela kwa wavuvi. Wavuvi wa Faza walihangaika nasi kwa moyo wa kweli. Mmoja alivua impela ya akiba yake na kuileta, ikawa ni ya mashine kubwa zaidi na haikuingia. Wenyeji wa pale walituletea madafu watoto wakiwa wamechoka, na hawakutaka kulipwa. Hayo si ya kampuni, lakini yaliiokoa sifa yake kwa mchana ule.

Maji yalipoanza kujaa nahodha alipandisha tanga, na kuanzia hapo nilipata kuelewa kwa nini watu bado wanamwamini. Kisiwa cha Pate kilitukinga na mawimbi, lakini upepo ulikuwa wa omo, yaani wa mbele, au karibu nao, na ilibidi kubisha, yaani kwenda kwa kukatakata huku na huku dhidi ya upepo. Anayejua mashua zetu anajua kubisha ni kazi gani. Kila tunapogeuka, foromali, ule mti unaobeba tanga, huzungushwa mbele ya mlingoti kuhamia upande wa pili, demani hufunguliwa na kufungwa upya, na viroba vya mchanga vilivyo ngamani, chini kabisa ya chombo, huhamishwa kwa mikono ili chombo kisilale. Mabaharia wanne waliifanya kazi hiyo mara kwa mara hadi alasiri, kwa amri fupi za sauti ya chini, bila kumkanyaga mtoto hata mmoja wala kumwagia mzee maji. Mmoja alikuwa akikaa juu ya ubao uliotokezwa nje upande wa joshi, unakotoka upepo, nusu ya mwili wake ikiwa juu ya bahari, na bado alipata nafasi ya kuwaonyesha watoto kasa aliyeibuka kuvuta pumzi.

Tulifika Mtangawanda, upande wa magharibi wa Pate, saa kumi. Maji ya Mkanda yalikuwa yameanza kupwa, na kwa upepo ule tungefika pale giza limeshaingia na maji yamepungua. Njia nyingine ilikuwa kutoka nje kati ya Manda na Pate na kuzunguka Manda kwa bahari kuu. Jamaa yetu mmoja, aliyekuwa na shaka ya kupoteza basi lake, aliisisitiza sana njia hiyo. Nahodha alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Bwana, nje kuna mawimbi ya Kusi na mimi nina wazee na watoto. Mashine ingekuwa nzima, bado ningefikiri mara mbili." Kisha akatia nanga. Uamuzi huo peke yake unastahili nyota zote ninazoweza kutoa, kwa maana ni rahisi sana kwa mtu aliyechelewesha wateja kutaka kuwafurahisha kwa kuwahatarisha.

Mama mkwe wangu, ambaye hakuwa amelalamika mchana kutwa, alimwita jioni ile. "Nahodha, mwanangu, kesho tutafika?"

"Kukipambazuka tutakuwa Mkanda, mama, inshallah. Mashine siiahidi. Tanga naliahidi."

Usiku Mtangawanda ulipita vizuri kuliko nilivyotazamia. Mpishi alipata samaki pale gatini na akapika tena, ingawa makubaliano hayakumtaka kufanya hivyo. Shuka zilikuwa chache, na baridi ya Agosti juu ya maji si ya mchezo. Kampuni inapaswa kubeba mablanketi ya akiba, kwa sababu usiku wa dharura katika msimu huu si jambo la ajabu. Mtandao wa simu ulipatikana, ukakatika, ukapatikana tena. Redio ya baharini hakukuwa nayo. Majaketi okozi yalikuwa ya kutosha kwa watu wazima, ila ya watoto yalipungua mawili, upungufu ambao sitausamehe na ambao Mamlaka ya Bahari ya Kenya, ingeikagua mashua siku ile, isingeusamehe pia.

Tuliondoka mnamo saa tisa usiku, mwezi ukiwa bado juu upande wa magharibi na Kusi ikiwa imelegea kama inavyofanya mara nyingi kabla ya alfajiri. Hapa nina lalamiko jingine. Tangu gati la kwanza la Bandari ya Lamu lifunguliwe mwezi wa Mei 2021, meli kubwa huingia Ghuba ya Manda kupitia njia ile ile ambayo sisi tulikuwa tunaikata gizani. Taa yetu ilikuwa tochi ya mkono, iliyoshikwa na kijana aliyekuwa anasinzia. Hatukukutana na meli. Lakini mashua inayochukua fedha za watu kupita pale inapaswa kuwa na taa zake zinazowaka, nyekundu, kijani na nyeupe, bila kungoja siku ya kukutana nayo.

Kulipopambazuka tulikuwa kwenye mdomo wa Mkanda kama ilivyoahidiwa. Maji yalikuwa yanapwa, upepo ulikuwa unatupiga usoni kati ya kuta mbili za mikoko, na tanga halikuwa na nafasi ya kugeuka. Likashushwa. Mabaharia wawili walichukua pondo, ile miti mirefu ya kusukumia chombo, mmoja kila ubavu, wakaisukuma mashua ile yote na watu wake kwa miguu yao, wakitembea kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma ya chombo, na kurudi, kwa muda mrefu kuliko ningependa kukumbuka. Mara mbili mkuku, uti wa chini wa chombo, uligusa chini. Tulipotoka upande wa pili na kuuona mji wa Amu, basi la Mokowe lilikuwa limekwenda zamani.

Ofisini tulipokewa kwa adabu. Walikiri kwamba mashine ilikuwa na matatizo, wakarudisha sehemu ya fedha ya mafuta ambayo hayakutumika, na wakatoa chai. Nauli za basi zilizopotea walikataa kuzilipa, wala hawakukubali kwamba saa ya kufika ilikuwa sehemu ya walichouza, ingawa karatasi yao yenyewe ilikuwa mezani. Kilichonikera zaidi ni kwamba hakuna aliyependekeza kuwapa mabaharia chochote kwa usiku wa ziada na kwa kazi ya pondo. Tuliwachangia sisi wenyewe. Watu hao walibeba mabegani mwao kosa la mtu aliyekaa ofisini, na nahodha, nilipomdodosa, hakusema neno baya juu ya mwajiri wake; alisema tu kwamba mashine ameiomba ifunguliwe tangu Ramadhani.

Kwa hiyo tathmini yangu ni ya mafungu. Kwa nahodha na mabaharia, alama kamili. Kwa chombo, tanga na chakula, karibu kamili. Kwa mashine, mafuta, taa na majaketi ya watoto, hakuna alama. Anayekwenda Kiwayu kati ya Desemba na Machi, Kaskazi ikiwa imetulia, na asiye na basi wala ndege ya kuwahi, aikodi kampuni hii na atafurahi, ila ajue kwamba safari ya kwenda ndiyo itakayotegemea mashine, kwa kuwa upepo utakuwa wa mbele wakati huo. Anayelazimika kurudi siku maalumu wakati wa Kusi, na ambaye hana haja na mandhari ya tanga, ni afadhali apande boti za abiria zinazotoka Kizingitini na Faza kuja Amu. Mashine zake hufanya kazi karibu kila siku, na mashine inayofanya kazi kila siku hupata fundi.

Na anayeazimia kukodi mashua hata hivyo, aombe aonyeshwe mambo haya kabla ya kulipa: impela ya akiba ya mashine ile ile, plagi, chujio la maji, dumu la petroli lililofungwa vizuri, na majaketi ya watoto kwa idadi ya watoto wake. Aombe mashine iwashwe gatini, na autazame ule mchirizi ubavuni mpaka aridhike. Mwenye chombo aliyejiandaa hataona tabu.

Nimewasiliana na kampuni kabla ya kuandika haya. Walinijibu kwa heshima kwamba wameshanunua impela mpya na nyingine ya akiba. Nilipouliza kama hiyo ya akiba imo ndani ya mashua, niliambiwa imewekwa ofisini, isije ikapotea.